Anayeweka Sahihi Apande

Ijumaa ile mliyoniaga pale hangani, kwenye banda letu la ndege, mlinikatia keki yenye umbo la ndege, mkanivisha blanketi la Kimaasai kama mtu aliyeua simba, kisha MC akashika maikrofoni akatangaza, "Mzee Simiyu hajawahi kukataa kazi!" Mkapiga makofi na vigelegele. Nikatabasamu, nikala keki yenu, nikaenda nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Maneno yale yalikuwa tusi, na aliyeyasema hata hakujua ananitukana. Fundi wa ndege asiyekataa kazi ni mtu wa hatari. Afadhali dereva mlevi, huyo angalau unamnusa kabla hujapanda gari lake.

Kwa hivyo nimekaa chini niwaandikie ninyi mafundi mliobaki. Sitaandika habari za vyeo wala za mshahara. Hayo waulizeni wanaopenda kujisifu. Nitaandika juu ya ndege moja na mtu mmoja niliyemharibia maisha. Ndege mnaijua ingawa wengi wenu hamkuwahi kuiona ikiruka. Ni ile mifupa ya chuma iliyo nyuma ya stoo, mnayoanikia ovaroli.

Tuliiita Victor, kwa herufi ya mwisho ya usajili wake, V, ambayo marubani huitamka hivyo redioni. Ilikuwa Super Cub, ndege ndogo ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Aina yake ilianza kuundwa Amerika miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, wakati wanaume wengi walikuwa wamerudi kutoka vitani wakijua kurusha ndege na hawakutaka kuacha. Nimesoma vitabu vyote vya Victor, ukurasa kwa ukurasa. Ililetwa kwa meli ikiwa ndani ya masanduku, ikapanda garimoshi mpaka huku juu, ikaunganishwa kwa ajili ya mzungu mmoja mkulima wa ngano, ambaye aliitumia kuangalia ng'ombe na kutembelea majirani. Uhuru ulipokuja mzungu akaenda zake, ndege ikabaki. Ikafundisha marubani katika klabu fulani. Baadaye ikafungwa tangi la dawa chini ya tumbo, ikawa ya kunyunyizia mashamba. Haikuwa na hita, na asubuhi za Julai rubani alivaa makoti mawili na bado akashuka akitetemeka. Lakini ilipaa kutoka mahali ambapo hata trekta ingesita.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Mifupa ya ndege hiyo ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, na juu ya mifupa ni kitambaa. Ndiyo, kitambaa, kinashonwa, kinapakwa dawa ya kukikaza, kisha rangi. Ikiwa chini haisimami kama hizi zenu za kisasa. Inakalia mkia, kwenye gurudumu dogo la nyuma. Kwa hivyo maji ya mvua na dawa ya viwavi, chochote kinachopenya ndani, kinateremka mpaka kwenye mabomba ya chini ya mkia na kukaa hapo. Kutu inaanza kula kwa ndani. Nje unaona rangi inang'aa kama kiatu cha harusi.

Nilikuja Eldoret kutoka Bungoma na shati moja zuri na barua ya mjomba. Nikaandikwa kufagia hanga na kufukuza ng'ombe kwenye kiwanja chetu cha nyasi. Siku ya kwanza, nimechoka, nikaegemea ubavu wa Victor. Sauti ikanguruma kutoka chini ya injini: "Wewe! Hiyo ni nguo! Unaegemea nguo ya mtu na ameivaa?"

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mzee Karanja. Alikuwa mtu mfupi, miwani imefungwa kwa waya, aliyehamia huku na familia yake kutoka Murang'a kulima viazi, na viazi vikamshinda akaishia kwa ndege. Alinifundisha kila kitu ninachojua cha maana. Vyeti vyangu vingine nilivipata kwa kusoma, na nimevisahau.

Alinifundisha kushona bawa. Hiyo ni kazi ya watu wawili: bawa linasimamishwa wima, mmoja anakaa huku, mwingine kule, sindano ndefu inapita katikati na kurudi. Mkiwa mmekosana asubuhi, mshono unawasema. Alinifundisha pia kugonga. Alikuwa na nyundo ndogo ya shaba aliyoichonga mwenyewe, akigonga bomba moja moja huku ameinamisha kichwa.

"Bomba zima linalia," aliniambia. "Lililooza linanyamaza. Haya, jaribu."

Nikagonga.

"Simiyu! Hiyo si ngoma ya isukuti ya harusi kwenu. Gonga polepole, usikie!"

Ilinichukua mwaka mzima kusikia. Bomba zima husema tii, lenye kutu ndani husema pu. Ukisikia pu unapasua kitambaa, hata kama kimepakwa rangi jana. Unaangalia kwa macho, unachoma kwa msumari mgumu, na msumari ukizama ndege haitoki hapo mpaka bomba libadilishwe. Hakuna mjadala, hakuna kikao, hakuna kumpigia mtu simu.

Si kwamba tulikuwa na huzuni siku zote. Siku moja tulitua shamba fulani kule Sugoi, tukaitwa chai. Kurudi, tukakuta ng'ombe ametafuna kitambaa cha mkia mpaka mifupa iko nje. Wanapenda ladha ya ile dawa ya kukaza. Mwenye ng'ombe akatujia juu: "Mmepaka nini hiyo kitu yenu? Ng'ombe yangu ikikufa mtaniambia!" Mzee Karanja akamjibu kwa upole kwamba ng'ombe ndiye aliyekula ndege, ndege haijala ng'ombe. Tukashona kiraka palepale, ng'ombe akituangalia kama mtu anayengoja kuongezewa.

Hanga letu lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ndege ikitoka kwenye matengenezo, fundi anaandika kitabuni kwamba iko sawa, anaweka sahihi, halafu anapanda. Katika ile safari ya kwanza ya kuijaribu, kiti cha mbele ni cha rubani na kiti cha nyuma ni cha mwenye sahihi. Mzee Karanja alisema hakujua sheria hiyo ilianzishwa na nani, ila aliikuta na hangekubali ife mikononi mwake. Nilipopata leseni na kuweka sahihi yangu ya kwanza, nilipanda, na tulipofika juu ya mashamba nikatapika ndani ya kofia yangu. Mzee alinipokea chini akicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

"Mara ya pili utakagua vizuri zaidi," akasema. Ilikuwa kweli kabisa.

Rubani wa siku hiyo alikuwa Kapteni Too. Alikuwa mrefu, mpole, mzaliwa wa huku huku, na alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa akiwa angani, vibaya sana. Nilipanda nyuma yake mara nyingi kwa miaka mingi. Kila mara aligeuza kichwa kabla ya kuwasha injini na kuuliza, "Umepanda?" Nami nilijibu, "Nimepanda, twende." Hiyo tu. Hakuwahi kuniuliza nimebadilisha nini wala nimekaza wapi.

Mzee Karanja alirudi kwa viazi vyake, na baadaye tukamzika. Kampuni ikapata mmiliki mpya, mtu wa Elgon View, mtaa wa matajiri, gari safi, viatu safi. Simtaji jina. Sisi tulimwita Bosi. Alikuwa na msemo wake: "Mteja ananunua kwa macho." Nilipoenda likizo ya Pasaka nyumbani, alileta wapaka rangi kutoka nje, wakamvua Victor nguo kuukuu na kumvalisha mpya, nyeupe na mistari miekundu. Nilirudi nikakuta inang'aa. Nikauliza, mlipoivua, nani alikagua mabomba? Wakaangaliana. Walikuwa wapaka rangi, jamani! Walipitisha brashi ya rangi juu ya kutu na kufunika. Mpaka leo nikikumbuka nyuso zile nataka kurusha spana.

Nikatoa nyundo aliyoniachia Mzee Karanja nikapitisha mkono kwenye tundu la ukaguzi. Tii, tii, tii. Bomba la chini la mkia, upande wa kushoto: pu. Nikarudia. Pu. Nikaenda ofisini.

"Bosi, kuna bomba la mkia halilii. Lazima nipasue kitambaa niangalie."

"Upasue nini? Hiyo nguo haijamaliza hata mwezi!"

"Ni mahali padogo. Likiwa zima nashona leo hii. Likiwa limeoza, ni wiki mbili."

"Simiyu, viwavi wako kwa ngano ya watu. Wakulima wananipigia simu tangu asubuhi. Hiyo ndege ilikuwa inaruka vizuri kabla ya Pasaka. Imeoza lini? Wewe ni fundi ama ni nabii?"

"Bosi, mimi nimesikia—"

"Umesikia. Haujaona. Tutaangalia msimu ukiisha. Na kama huwezi, niambie. Kuna kijana Nairobi, amesoma, atakuja aweke sahihi kabla ya lunch." Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akaongeza, "Na hii maneno ya fundi kupanda kiti ya nyuma iishe. Watu wa bima hawataki."

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ni rahisi kumkasirikia Bosi, na mimi nimemkasirikia vya kutosha. Aliposema nisipande, sikukasirika. Nilishukuru. Yaani nilijua! Mtu anayeamini ndege ni nzima hashukuru kuambiwa asipande. Nilikuwa na watoto watano na nilikuwa mwoga, na kati ya hayo mawili ni uoga uliochukua kalamu. Nikaandika kitabuni: Mabomba ya mkia yamekaguliwa, yako sawa. Nikaweka sahihi yangu, ile nzuri yenye mkia mrefu niliyokuwa najivunia.

Kapteni Too akaja na koti lake na thermos. Akazunguka ndege, akasifu rangi, akasoma kitabu, akapanda. Akageuza kichwa.

"Umepanda?"

Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi, mikono mfukoni.

"Leo sipandi, Kapteni. Bosi amesema bima haitaki."

Aliniangalia usoni. Akakiangalia kiti cha nyuma. Kisha akasema, "Sawa," akafunga mlango. Ningeweza kusema neno moja tu. Injini ilikuwa haijawaka, na hata ilipowaka ningeweza kusimama mbele ya propela na kupunga mikono kama mwendawazimu. Nilisimama tu hapo, mjinga mimi, nikimwangalia akienda.

Alipaa, akazunguka mara moja, akarudi. Alitua vizuri. Nimewaona marubani wengi wakitua na ninawaambia alitua vizuri, magurudumu ya mbele kwanza, halafu akaushusha mkia taratibu. Mkia ulipogusa nyasi nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti. Mkia ukakunjika. Ndipo ndege ikageuka ghafla, ikaacha njia, ikaingia mtaroni na kupinduka. Someni tena mpangilio huo. Mkia ulikunjika kwanza, ndege ikageuka baadaye.

Tulimtoa akiwa hai. Uti wa mgongo uliumia, na mguu wa kulia haukurudi kuwa mguu. Kesho yake asubuhi nilikuta mabaki yameburutwa mpaka hanga na mkia umekatwa, ati ili yapite mlangoni. Mlango wa hanga letu mnaujua. Lori linaingia na kugeukia ndani. Mkia ulikuwa umeshaondoka na mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Wachunguzi walipokuja hawakuwa na mkia wa kuangalia. Walikuwa na kitabu. Kitabu kilisema mabomba yamekaguliwa, yako sawa. Na ndege za gurudumu la mkia zina sifa mbaya tangu zamani: rubani akizubaa kidogo wakati wa kutua, zinageuka. Ikigeuka, lawama ni ya rubani. Mmoja wao akaniuliza, "Fundi, ulikuwa hapo. Uliona nini?"

Nikajibu, "Niliona ikigeuka."

Si uongo. Niliiona ikigeuka. Nimekaa na jibu hilo miaka hii yote nikilisafisha kama mtu anayesafisha plagi ya injini, na kila nikilisafisha linatoka chafu zaidi. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, nimekula mshahara njiani, nimesomesha watoto, nimekatiwa keki. Wakaandika kwamba rubani alishindwa kuiongoza ndege wakati wa kutua. Kapteni Too hakuruka tena. Hata kama mgongo ungepona, nani angempa ndege? Bosi alinunua ndege nyingine, akaipaka mistari ile ile miekundu.

Too alifungua duka la mbolea na dawa za mifugo mtaani Kapsoya. Nimekuwa nikijua duka liko wapi, na nimekuwa nikipitia barabara nyingine. Wiki mbili baada ya keki yenu, nilichukua bodaboda nikiwa na karatasi hizi, nilizokuwa nimeziandika hadi hapo juu, nikashuka mlangoni kwake. Mke wake, Mama Chero, alikuwa akipimia mtu chumvi ya ng'ombe. Alinitambua mara moja. Hakunipa mkono.

"Miaka yote hii, Simiyu," akasema. "Na kutoka hanga mpaka hapa ni boda moja."

Alinionyesha stuli, akaingia nyuma akamwita mumewe. Kapteni alitoka na fimbo, nywele zote nyeupe, akaketi taratibu kwa kuushika mgongo. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza, lakini badala yake nikamsomea. Nilisoma yote, ya pu, ya wapaka rangi, ya Bosi, ya kushukuru kwangu, ya mkia kukunjika kwanza. Wateja waliingia wakatoka. Mama Chero aliacha kupima akasimama nyuma ya mumewe, mkono begani mwake. Nilipomaliza nilikuwa nalia, mzee mzima, katikati ya magunia ya mbolea.

"Kapteni, nisamehe. Hukujua, na mimi nilijua."

"Nani amekwambia sikujua?" akasema.

Nikazishusha karatasi.

"Ulipokataa kupanda nilijua kuna kitu. Miaka yote hiyo umepanda, leo ati bima? Wewe nakujua, Simiyu. Uso wako ulikuwa umekauka kama ugali ya jana."

"Sasa kwa nini uliruka?" Nilipiga kelele, haki ya Mungu, nilimpigia kelele mtu niliyemlemaza. "Ungeteremka! Ungekataa! Kwa nini uliruka?"

Hakuinua sauti. "Kwa sababu ulikuwa umeweka sahihi. Nikajiambia, huyu pengine anaogopa tu, mambo ya nyumbani, mambo ya Bosi. Lakini hawezi kuandika uongo kwa kitabu. Simiyu? Hapana."

Mama Chero aligeuza uso ukutani. Nilitaka Kapteni anitukane, anipige na fimbo ile. Badala yake alichukua kalamu ya duka, ile iliyofungwa kwa uzi, akaniwekea mbele.

"Hizo hadithi ni nzuri," akasema, "lakini ni ndefu, hakuna mtu ofisini atasoma. Andika vile unaandikanga kwa kitabu ya ndege."

Nimeandika. Nakala moja nimeipeleka mwenyewe kwa wale waliomchunguza, na kama wataniita, nitaenda, na kama yuko wa kuninyang'anya leseni yangu ya zamani, aje aichukue. Nakala nyingine iko ukutani kwenye duka la Kapsoya. Ya tatu ni hii yenu, ibandikeni pale mnapowekea sahihi:

Super Cub, Victor. Bomba la chini la mkia, upande wa kushoto: lilisikika bovu, halikufunguliwa, halikukaguliwa. Mkia ulikunjika kabla ndege haijageuka. Rubani hakukosea. Aliyeandika kwamba iko sawa alijua haiko sawa, na hakupanda. Simiyu, fundi.